Mlango wa Nyuma Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Gari limewaka mara ya tatu, kama kawaida. Taa ya injini nayo inawaka, kama kawaida. Nimepakia dawa za kuogesha ng'ombe na boksi la chanjo, nikashuka nalo Bomani. Leo siku ya kumi na mbili tangu liwe langu. Kigari cha juu, tairi la akiba mgongoni, namba ya usajili C. Kwenye kadi kuna jina langu, Marwa. Lakini njia nzima watu wananipungia mkono, wakiuona uso wangu wanashusha mkono.

Mama muuza ndizi amelalamika kwamba mwalimu siku hizi anapita bila salamu. Nimeshusha kioo ajionee mwenyewe. Akaomba radhi, eti aliona gari la Mwalimu Chacha, aliyeniuzia.

Gari la Chacha! Chacha mwenyewe anaendesha namba E, jipya, linang'aa hadi linaumiza macho. Si aridhike na hilo, aniachie hili?

Jumatano, 5 Machi

Mlango wa nyuma kushoto haufunguki. Fundi ameufungua kwa ndani, ukafungwa, ukagoma tena. Na stata inasumbua. Unajua fundi alifanya nini? Alimpigia Chacha simu, mbele yangu, ufunguo ukiwa mkononi mwangu. Chacha akamwelekeza: geuza nusu, hesabu hadi tano, malizia. Gari likawaka mara moja. Nimechukia kweli.

Chacha ni saro yangu, tulitahiriwa mwaka mmoja. Yeye alisimama wa nane kwenye mstari, mimi wa tisa. Hata pale alinitangulia.

Kuhusu mlango, fundi alisahau kumuuliza. Afadhali.

Kitu kimoja sikielewi. Walikuja watu watatu kulitaka gari hili, wote akawakatalia. Akanifuata mimi dukani kwangu kwa dawa za mifugo, akasema, "Mura, ndugu yangu, likitoka kwangu liende kwako tu." Nilidhani ananiheshimu.

Jumamosi, 8 Machi

Tulikuwa tunashusha mahindi. Nilizunguka kwenda kufungua mlango mbovu kwa ndani. Bhoke hakunisubiri. Akainua kitasa, akausukuma mlango kwa nyonga, akavuta. Ukafunguka.

Mke wangu. Kwa nyonga!

Nikamuuliza amejulia wapi. Akasema amebahatisha tu, akabeba debe akaingia ndani. Bahati gani hiyo inayojua kuinua, kisha nyonga, kisha kuvuta? Ninavyojua mimi, Bhoke hajawahi kupanda gari hili kabla sijalinunua.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Chacha kambeba Robhi, binti yetu. Robhi ana miaka minne, mikono ya watu haitaki, lakini kwa Chacha anaenda mwenyewe. Kila Krismasi Chacha humletea viatu. Nilikuwa nasema huyu jamaa ana moyo mzuri.

Wakati wa mahubiri nimelinganisha pua zao. Mungu anisamehe. Sikusikia neno hata moja la mchungaji.

Jumatano, 12 Machi

Nimeamua kumtoa Chacha ndani ya gari langu. Nimebandua stika zake zote. Nimenunua kava mpya za viti, nyeusi. Nikavua zile za zamani mwenyewe, sikutaka fundi.

Chini ya kava ya kiti cha nyuma kuna doa. Kubwa, la kahawia, limesuguliwa halikutoka. Na kwenye upenyo wa kiti, mahali mkono unapoingia kwa shida, nimetoa kipande cha kitenge kilichochanwa. Kijani, kina picha za ndege aina ya kanga. Kitenge hicho nilimnunulia Bhoke mimi mwenyewe, Sirari, mwaka tuliooana. Aliniambia kiliibwa kambani.

Nina wivu. Niandike hivyo hivyo, hakuna wa kunisoma. Chakula sijakigusa.

Alhamisi, 13 Machi

Nyansurura, kuchanja. Nimemdunga ndama mmoja mara mbili. Mzee mwenye zizi akaniuliza kama nimelewa. Sijalewa, shikamoo mzee, samahani.

Njia yote ya kurudi nimewaza ng'ombe wa mahari watakavyorudishwa, na wazee watakavyokaa, na Robhi atabaki kwa nani. Kwenye hilo la Robhi nilisimamisha gari pembeni. Nikajaribu kufungua ule mlango kwa nyonga. Uligoma.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeweka kile kipande mezani asubuhi, Robhi akiwa amepelekwa kwa jirani. Nikamwambia Bhoke aseme.

Alikitazama. Hakulia. Akasema, "Nilimzaa Robhi ndani ya hilo gari."

Mimi siku zote nimeambiwa Robhi alizaliwa zahanati. Wakati huo tulikuwa tunaishi Ringwani, na Chacha alikuwa anafundisha huko. Akanisimulia: mvua ilikuwa kubwa, uchungu ulianza mchana. Mama yangu alitoka akasimamisha gari la kwanza aliloliona, la Chacha. Walifika kwenye mto, maji yamefunika njia, hakuna kuvuka. Wakasubiri yapungue. Mtoto hakusubiri. Mama alimzalisha kwenye kiti cha nyuma, kitenge wakakichana wapate cha kumfungia mtoto. Mlango ulikuwa ndiyo umeanza kusumbua, Chacha akawapigia kelele kutoka nje namna ya kuufungua. Alisimama kwenye mvua muda wote, amegeuza mgongo. Maji yalipopungua ndipo wakafika kwa nesi.

Nikauliza kwa nini nimefichwa. Akasema niulize mama.

Nikampigia mama Ringwani. Hakutetereka hata kidogo. Akasema mwanaume kuwa karibu na mke wa mwenzake anapojifungua ni mwiko, kwa hiyo Chacha alitoa mbuzi, akachinjwa, na jambo likishachinjiwa halisemwi tena. Nikasema mimi ndiye mume, ningeambiwa. Mama akaniuliza, "Yule mbuzi, wewe uliporudi nyumbani, ulimla au hukumla?"

Nilimla. Nakumbuka. Niliomba na maini.

Nikarudi kwa Bhoke. Yeye akaanza. Akaniuliza kama nilikuwa tayari kumwacha kwa ajili ya kitambaa. Akasema, "Siku ile nilikupigia simu mara sita, Baba Robhi." Nilikuwa hapo hapo Nyansurura, nachanja ng'ombe wa watu. Hakukuwa na mtandao.

Jumatatu, 17 Machi

Bhoke hasemi na mimi. Chakula anaweka mezani, anaondoka. Ana haki.

Jumatano, 19 Machi

Nilidhani nikishaujua ukweli wivu utaisha. Wapi! Umezidi. Kwanza nilimwonea Chacha wivu kwa kitu ambacho hakukifanya. Sasa namwonea kwa alichokifanya kweli. Alikuwepo. Mimi sikuwepo. Mwanangu alipofika duniani mwanaume aliyekuwa karibu ni Chacha, na mimi nimekuja siku mbili baadaye nanuka dawa ya kupe.

Nimerudishia kava za zamani. Zile nyeusi nimempa fundi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemwomba Bhoke msamaha. Kwa maneno, si kwa zawadi. Kasikiliza, kasema amesikia. Baadaye akanipa ufunguo wa gari nilioutafuta tangu asubuhi. Alikuwa amekaa nao mfukoni.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya ibada nimeenda kwa Chacha. Nilikuta anaosha namba E yake. Hakuuliza nimefuata nini, nadhani mama alishampigia. Akasema gari lile asingeweza kuliuza mbali, damu ya mtoto wa mwenzake imo. Nikasema sawa. Nikamshukuru. Ilinitoka kwa taabu, lakini ilitoka.

Kisha nikamwuliza jambo moja tu. Siku ile pale mtoni alisikia nini?

Aliacha kuosha. Akasema mvua ilikuwa inapiga bati la gari kwa nguvu, hakusikia mengi. Alimsikia mama akisema msichana. Na kabla ya hapo alisikia mtoto akipiga chafya. Mara moja. Ndipo akalia.

Wakati wa kurudi Robhi alikaa kiti cha nyuma, upande wake anaoupenda, kushoto. Mama wa ndizi alipunga mkono. Nami nilipunga.

Alipiga chafya kwanza, ndipo akalia. Nimeandika hapa nisije nikasahau, kwa kuwa mimi sikuwepo.