Matoka ya Mpakani

Jumatatu, 3 Machi
Wanjiru, wewe uliye mimi wa kesho, hujambo? Goti linasemaje leo? Mimi mzima, Mungu asifiwe. Nimekamua, nikapitia shamba la shemeji Kamau kama kila asubuhi, kufikisha maziwa kwenye gari la kuyakusanya barabarani. Nikamkuta anang'oa matoka, yale maua ya mpaka. Anayapanda tena ndani ya shamba la Mama Ciru, jirani yetu mjane. Wazee waliyapanda kwa maombi. Anayeyang'oa amejiitia laana. Nilipita kimya. Naona aibu.

Jumatano, 5 Machi
Mama Ciru ameshtaki kwa wazee. Kikao ni Ijumaa. Nimeitwa niseme nilichoona. Jioni shemeji akaja. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa shule, anapenda Kiingereza cha mikutano. "Mama Njoki, sema tu. Lakini ujue kutakuwa na repercussions." Chai akakataa. Hapo ndipo nikaogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia Njoki wangu huko Lanet, nikamuuliza hilo neno. Anasema ni matokeo, lakini si ya kila aina. "Mami, viazi vikimea poa huwezi sema repercussions. Hiyo ni ya kitu umefanya, halafu inarudi kukugonga. Wewe na wenye wako karibu na wewe." Akacheka, akauliza nani ananitisha na Kiingereza. Sikumwambia. Angepanda gari leo leo.
Neno zito. Lakini shemeji amelielekeza kwangu peke yangu. Kwani kung'oa matoka hakuna matokeo yake?

Ijumaa, 7 Machi
Nimesema. Shemeji aliangalia kofia yake mpaka mwisho. Wazee wameamua matoka yarudi, na ayarudishe yeye.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji amefunga njia. Seng'enge na miiba. Jana nilizunguka na mlima, nikakuta gari limeondoka. Nikarudi na maziwa yote. Leo kanisani mke wake hakunisalimia. Sasa lile neno nalijua kwa miguu.
Jioni nimesimama kwenye seng'enge. Matoka yako mahali pake, yamelala kidogo. Mvua ikija yatashika. Shemeji ameyapanda peke yake. Wanawe walikataa hata kuyagusa. Alikuwa amekaa hapo kando, mikono ina udongo. Nilimhurumia, na sikutarajia.
Wanjiru, kesho ukipanda ule mlima na goti likuume, bado utasema ulifanya vyema? Nijibu upesi.