Bila Kupitia kwa Mtu

Jumapili, 3 Agosti 2025

Kanisani nimekaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Mume wangu Ogutu alitaka tusogee mbele penye feni. Nikamwambia miguu imevimba, sitaki kusumbua watu. Imevimba kweli, lakini hiyo si sababu.

Mimba wiki ya thelathini na tano! Asante Mungu. Wale wawili wa kwanza hawakufika hata nusu ya hapa. Ila kliniki wanasema mtoto amelala kikingama. Asipogeuka nitapasuliwa tarehe 18. Baada ya ibada nikamkimbilia Mama Tryphena wa kikundi chetu cha maombi aniombee. Ananiombea tangu niolewe. Mimi mwenyewe nashukuru tu: kwa chakula, kwa mvua, kwa Ogutu. Kuomba kitu, hapana. Nitaombaje na Baba amenikasirikia miaka sita? Nilienda kuishi na Ogutu bila kumwambia. Akasikia kwa watu, sokoni Wundanyi.

Kwetu Taita mzazi akikukasirikia lazima atase: apige funda la maji, ayapulize nje, aseme hasira imetoka moyoni. Bila hivyo mambo yako hayanyooki, na watoto hawakai tumboni. Mchungaji anasema hayo ni ya zamani. Namwitikia amina, halafu narudi mlangoni.

Jumatatu, 4 Agosti

Ofisini. Mimi ni sekretari wa meneja wa shamba la mkonge, na kazi yangu hasa ni kuzuia watu. Subiri. Yuko bize. Njoo kesho. Miaka minane hakuna aliyemwona meneja bila kupitia kwangu.

Leo Khalayi kapita! Mume wake ni mkata mkonge, na yeye tuko naye kikundi cha maombi. Hakusimama hata mezani, akafungua mlango wa meneja. Maji hayajatoka siku tatu kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi. Nikamfuata mbio na tumbo langu hili, naomba radhi. Meneja alikuwa ameshampa kiti. Lori la maji likatumwa kabla ya chai ya saa nne.

Nikamuuliza kama haogopi. Akasema kwani mwenye maji si ndiye huyo? Nimekasirika mpaka jioni. Sijui kwa nini imeniuma hivi.

Alhamisi, 7 Agosti

Andika, Wakio, usisahau.

Kikundi kilikuwa kwa Khalayi. Chai, viazi vitamu. Mama Tryphena hayupo, ameenda Mahoo, binti yake amejifungua. Tunaomba kwa zamu, tumeshikana mikono, duara zima. Zamu yangu ikifika huwa nakohoa kidogo, nambana Mama Tryphena mkono, naye anaombea sisi wawili. Hakuna anayeuliza.

Leo mkono ulikuwa wa Khalayi. Nimekohoa. Nimeubana. Wapi! Nikamnong'oneza aniombee, mtoto amelala vibaya. Akanijibu kwa sauti yake ya kawaida, wote wakisikia:

"Tutakuombea, madam. Lakini mtoto ni wako. Mwambie mwenyewe, si anakusikia?"

Nilitaka ardhi inimeze. Kisha nikasikia mdomo wangu unasema, "Mungu, ni Wakio." Utadhani napiga simu! Halafu yakatoka yote. Nikaomba mtoto ageuke. Nikaomba azaliwe mzima, nimlee, nimwone akienda shule. Baba sikumtaja wala kumkumbuka. Niliomba bila kujitetea, niliomba vingi, nikalia mpaka leso ya Khalayi ikalowa.

Nikamaliza kwa jina la Yesu, tunavyomaliza wote. Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote nilidhani ni mkono wa Mama Tryphena unaonipitisha, kumbe ni jina hilo. Na mimi nilikuwa nalo!

Ijumaa, 8 Agosti

Nimelala mpaka saa moja. Asante.

Nimeomba nikipiga pasi. Nimeomba nikipanga mafaili. Ogutu anasema sasa Mungu ataomba likizo. Na yeye anayeombea chakula kwa Kijaluo, kwa sauti, mpaka majirani wanajua tunakula nini!

Jumapili, 10 Agosti

Jana kliniki. Bado kikingama.

Nimeogopa. Nikamwambia Mungu hivyo hivyo, naogopa sana, na sikusikia kufukuzwa. Leo tumekaa benchi la tatu, chini ya feni. Ogutu alitabasamu tu. Mama Tryphena amerudi. Nikamwomba aendelee kuniombea, na mimi pia naomba. Akacheka, akasema alikuwa amechoka kubanwa mkono.

Nataka kumwona Baba kabla ya tarehe 18. Sifuati maji yake. Nimemmiss tu. Ogutu yuko zamu reli wiki nzima. Jirani yetu Donald anapanda milimani Jumanne na pikapu yake kuchukua mboga. Nitaenda naye.

Jumanne, 12 Agosti

Wusi, jikoni kwa Baba. Saa tisa mchana. Naandika haraka.

Donald alinishusha saa sita. Baba amekonda. Tangu Mama afariki anapika mwenyewe, na inaonekana. Aliliona tumbo kwanza, kisha mimi. Akanikaribisha kwa adabu, kama mtu wa sensa. Nikapika chai, tukakaa nayo.

Nikaanza mimi. Nikamwambia nilikosa, haikufaa asikie sokoni habari za mwanawe. Akatikisa kichwa, sijui kukubali au kukataa. Nikamwambia habari za upasuaji. Akauliza, polepole, kuhusu wale wawili. Watu walisema ni hasira yake. Je, na mimi nilisema?

Sikuweza kumdanganya. Nikasema niliamini hivyo, sasa siamini tena. Kumbe naye aliamini! Alirudisha funguo za kanisa akaacha uzee wa kanisa, na tangu mimba ya kwanza itoke hajakaribia meza ya Bwana. Anasema aliona ameua wajukuu wake, Mungu atamtazamaje. Nilimlilia Baba yangu hapo hapo, mbele yake. Miaka yote hiyo nilimdhania ana hasira, kumbe ana hofu.

Nikamwambia ninavyoomba siku hizi. Akaniuliza:

"Ulisimamaje mbele zake, na mimi sijatasa?"

"Nilienda tu, Baba. Hakuniuliza habari zako."

Akaweka kikombe chini. Akachukua kofia, akatoka. Nikajua nimeharibu. Nikaosha kikombe changu, nikafunga leso, tayari kuondoka.

Sasa nasikia sauti yake huko kwenye migomba. Nilifikiri anamwita mbuzi, lakini mbuzi yuko hapa mlangoni ananitazama. Hakuna mtu mwingine shambani. Sauti inakatika. Inaanza tena, chini zaidi. Ametaja jina langu. Ametaja na la Ogutu — hajawahi kulitamka!

Donald anapiga honi barabarani, anataka tushuke kabla ya ukungu. Chai ya Baba imepoa. Siendi kumwita. Donald na asubiri, mzee yuko bize na Mungu.