Picha Ikikwama, Mke Wangu Huitika

Mpendwa mshauri Bi Amne, naomba msaada, na kwanza nakuomba usicheke, maana Mji wa Kale mzima ushacheka mpaka mbavu zimewauma. Mie ndiye Mzee Faraj, ukiuliza Faraj yupi sema Faraj mwongo, utaletwa hadi mlangoni. Shule sikwenda, herufi nimejifunza kwa kusoma magunia bandarini, lakini hakuna kitu kilichofungwa na binadamu ambacho mie sijakifungua, redio, cherehani, mashine ya kusaga, na wakati mmoja pale Mbaraki niliipigia meli mluzi ikarudi nyuma, nahodha akashuka kunipa mkono. Hiyo ya meli acha. Hii ya leo ni kweli tupu.

Televisheni yangu ilikuwa nzuri mpaka jirani yetu Kashif alipopandisha ghorofa juu ya duka lake, tangu hapo picha ikawa yakatikakatika, msoma habari uso wagawanyika vijisanduku, pua huku mdomo kule, kisha king'amuzi chaandika hakuna mawimbi, mke wangu Mishi akaniambia niite fundi, nikamwita Kahindi, akapanda juu ya bati, akashuka, akasema, "Mzee, ghorofa la Kashif lakuzibia mawimbi, na waya wako umeliwa na chumvi. Wataka mlingoti mrefu na waya mpya." Nikamwambia, "Mwanangu, mlingoti mrefu kaweke kwenu Kaloleni. Mie picha itakuja na miguu yake." Watu wa barazani wakasikia, na mie nikishasema neno barazani silirudishi.

Nikapanda mwenyewe. Nikaweka kifuniko cha sufuria nyuma ya antena, wapi. Nikaweka sinia, picha ikachungulia ikakimbia. Ndipo nikakumbuka kashani mwa Mishi mna upatu wa marehemu mamake, ile sahani nene ya shaba ipigwayo harusini, na yule bibi hakuwa na mwenziwe kwa kuupiga, aliupiga mpaka mabibi harusi wakacheka badala ya kulia, na hata wanawe walipokuwa wadogo wakicheza vichochoroni, jioni aliwaita kwa upatu huo huo warudi nyumbani, mdomo hakutumia. Mishi alikuwa Makupa sokoni. Nikauchukua, nikaufunga kwa waya nyuma ya antena, nikasema nitamwambia akirudi. Bi Amne, picha ilikuja waona hata jasho la mchezaji! Baraza nzima ikahamia sebuleni kwangu, makofi mpaka nje, na kule kumwambia Mishi kukanipita.

Siku ile ile jua likishuka, kabla ya adhana ya magharibi, wageni washaondoka kwenda msikitini, picha ikakwama. Msoma habari alikuwa amefungua kinywa, akabaki hivyo hivyo, kinywa wazi, macho yatutazama, sauti hakuna. Na juu ya bati nikasikia: ng'eee. Kimya. Ng'eee. Upepo haukuwapo, hata pazia halikutikisika. Nikataka kufanya mzaha. Kabla sijaupata, kutoka jikoni Mishi akaitika, kwa sauti nyembamba ya kitoto ambayo katika ndoa yetu yote sijaisikia:

"Labeka, mama."

"Mishi, waitika nani?"

Akaja na unga mikononi, akaketi chini mbele ya televisheni, akakitazama kile kinywa kilicho wazi. "Kwani hukusikia?"

"Kusikia nini?" nikamwambia, maana ningesema nimesikia ingenibidi niseme na ya upatu. Picha ikarudi, Mishi akainuka akaenda kupika.

Tangu hapo imekuwa ada. Jua likishuka picha yakwama, upatu walia, Mishi yuwaitika. Na mengine yamezuka. Amemrudishia jirani yetu Akila mbuzi ya kukunia nazi aliyomwazima zamani. Leso zake nzuri nzuri agawa. Amekwenda kwa Sanober, ambaye hawasemezani naye tangu ugomvi wa pilau ya harusi, wakakumbatiana mlangoni wakilia. Juzi nimemkuta ameanika juani kile kitambaa cheupe alicholetewa na kakake kutoka Makka, kilichooshwa kwa maji ya zamzam, amekaa kando yake akikipapasa. Nikaenda kwa bwana mmoja ajuaye mambo haya, akasema huyo ni pepo wa Kiarabu, ameingia kupitia kioo cha televisheni, ataka kitambaa cheupe, marashi na halua. Nikaleta halua. Mishi akala kidogo, akasema, "Mungu akulipe, Faraj. Nisamehe nilipokukosea." Nikamwambia, "Ulinikosea siku uliponikubali." Hakucheka. Bi Amne, mie nimechekesha watu matangani, na mke wangu hakucheka.

Ijumaa nikaogopa kweli. Nikaushusha upatu, nikautia guniani, nikapiga fundo, nikausukuma mvunguni mwa kitanda. Picha ikaenda zake, watu wa baraza wakatoka wakinizomea. Jua likashuka, tumekaa sebuleni mie na Mishi, televisheni nimeizima. Akainua kichwa. "Labeka, mama. Naja." Na mie, wallahi leo siapi uongo, nilisikia. Ng'eee. Kutoka chumbani. Nikaingia, gunia lipo, fundo lipo kama nilivyolipiga. Nikalishika. Shaba ilikuwa bado yatetemeka ndani, kama ngozi ya ng'ombe akifukuza nzi.

Asubuhi nikaurudisha juu, maana kuwa nao chumba kimoja sikuweza. Nimewaeleza barazani, Mishi bado hajui, Fahmi muuza kahawa akaniuliza, "Na huo nao uliupigia mluzi?" Hakuna aniaminiye. Sasa nifanyeje, nimlete mganga ampunge pepo, au niende ufukweni Mama Ngina niutupe upatu baharini kwa siri, au niache hivi hivi, kwa kuwa fainali yaja na watu nishawaalika?

Ni mie Faraj, Mji wa Kale.

BI AMNE AJIBU

Mzee Faraj, ya meli nimeisikia, na nimeambiwa pia huna meno ya kupigia huo mluzi. Keti uambiwe.

Mkeo hana pepo. Soma tena ulichoandika kwa mkono wako. Mtu arudishaye vya watu, agawaye nguo zake, aendaye kutaka radhi kwa aliyekosana naye, akuombaye msamaha kwa kijiko cha halua, huyo afanya nini? Na hicho kitambaa cheupe cha zamzam, pepo akitakie nini? Hiyo ni sanda, Faraj. Wewe wajua na mie najua, kina mama wangapi wa mji wetu wameiweka chini ya kasha. Mishi yuwajiandaa kufa. Kila jioni asikia mamake akimwita kama alivyomwita utotoni, kwa upatu ule ule, saa ile ile ya kurudi nyumbani, naye amjibu kwa adabu kwamba yuaja.

Na jawabu lilikuwa limefungwa kwa waya juu ya bati lako! Mwenzio akakuuliza hukusikia, ukamjibu "Kusikia nini?" Ukamwacha aamini ni yeye peke yake aitwaye. Waongo nimewajua wengi, lakini uongo wako mkubwa kuliko wote hauna meli wala nahodha. Una maneno mawili tu.

Kelele za juu ya bati ni kunguru. Jioni warudi kulala, wapenda kitu kimetametacho. Mmoja atua juu ya antena, antena yageuka, picha yakwama, naye aidona shaba, shaba yalia. Hilo halihitaji marashi.

Basi leo, si kesho, na fainali ife. Jua likiwa bado juu, funga mlango, watu wa baraza wabaki nje na kahawa yao. Mwambie Mishi: niliuchukua, niliufunga juu, nilisikia kila siku nikakana. Usitie mzaha hata mmoja. Akikutukana, tukanika. Mwite Kahindi apande yeye, wewe ushafika umri wa kuanguka. Auteremshe upatu, wewe uufute chumvi kwa ndimu na majivu, umpe mwenyewe mkononi, aupige ajue sauti ilitoka wapi. Sanda ikunjwe irudi kashani, siku yake ina Mwenyewe wa kuijua. Leso alizogawa usiende kuzidai, mnunulie mpya, na usome kwanza maneno yaliyoandikwa juu yake, usije ukamletea matusi.

Halafu umwache Kahindi afanye alilokwambia mwanzo: mlingoti upite ghorofa la Kashif, waya mpya, viungo vifungwe vizuri chumvi isipenye, antena itazame zinakotazama za majirani wenye picha, ndipo king'amuzi kitafute stesheni upya. Picha ikikataa, wageni wako wapeleke kwa Kashif wakatazamie huko, ghorofa ni lake.

Imebaki Ijumaa. Kunguru haingii mvunguni mwa kitanda. Mahali hapo nimepasoma na kupasoma nikitafuta uongo, maana uongo wako haufichiki, wewe huwa katikati na watu wakupigia makofi. Hapo hapana makofi. Una woga tu na gunia. Sina jawabu, na sitakutungia.

Ila nakwambia hivi. Mishi akishaijua kweli yote, na upatu uko mapajani mwake, na hakuna mkono ulioupiga, nao ukalia, usikimbie, wala usimwache aitike peke yake tena. Mshike mkono, mwitike nyote wawili. Kisha mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba Mishi yuko nyumbani kwake, chungu ki motoni, na leo haji.