Ukili Uliorefuka Wenyewe

Jumatatu, 3 Machi 1986

Leo nimefungua kasha la viporo vya kazi zangu za mikono. Aibu! Vitambaa vya makochi, vinne kati ya sita — vilisimama uzi ulipoadimika, na sasa uzi umejaa madukani kila rangi, mie ndiye niliyeadimika. Kofia ya mume wangu, Baba Tuhfa, imeshonwa upande mmoja. Na ukili, ukanda wa kushonea mkeka wa harusi ya mwanangu Tuhfa! Harusi yenyewe kabla ya Ramadhani.

Nimeapa kuvimaliza vyote. Naanza na ukili. Nimeupima: pima kumi na mbili. Bado nane ndipo niushone uwe mkeka. Naandika hapa nisijidanganye. Daftari ni la Tuhfa la Fomu Foo, kurasa za nyuma bado nyeupe. Na mwandiko wangu si haba kwa mtu wa darasa la nne.

Alhamisi, 6 Machi

Mambo! Tangu Jumatatu nimesuka nusu pima tu, kiuno kinauma. Leo napima — kumi na nne. Nikaanza upya kutoka ncha ya pili. Kumi na nne!

Nikautoa uani kwenye mwanga. Kipande kipya si mkono wangu. Mie nasuka vizuri, lakini huu umekazwa, ukingo umenyooka kama umepigiwa rula. Nani? Nyumbani tupo watatu. Baba Tuhfa hutoka saa moja na kopo lake la chakula, anakwenda kiwandani kwenye kamba za mkonge. Basi ni Tuhfa. Nimemwuliza. Kainamisha kichwa, katabasamu.

Mwanangu huyo! Vyeti anavyo, na mikono anayo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda na ukili kwenye kisomo kwa jirani yangu Mwatum. Nitafichaje? Nikawaonyesha wote. Mwatum akasema, weye Mama Tuhfa, mwanao akipiga chafya utatwambia kasoma kaswida. Nikamjibu, na wako naye apige basi tusikie.

Bi Rahila alikuwapo, kaja kutoka Muheza — ndiye mama yake Badru, mchumba. Kaushika ukili, kaukunja, kaunusa. Akasema mkono kama huu hajauona siku nyingi. Atakuja Jumamosi ijayo akae na mkwewe wasuke pamoja, yeye mwenyewe ajifunze. Nilirudi nyumbani sikanyagi chini.

Nikamweleza Baba Tuhfa. Kapaliwa na uji.

Jumanne, 11 Machi

Tuhfa kalia. Mama, si mimi. Nikamwambia asinitanie. Nikamkalisha, nikampa jani la kusukia. Ya Rabi! Vidole kama vya mtu aliyevaa soksi mikononi. Ukili umekwenda upande kama kaa.

Basi nani? Hasemi. Nikimwuliza anafuta machozi.

Na Bi Rahila anakuja Jumamosi! Akiona hivi atasema tumemdanganya. Uongo ukianza na mkeka, atajiuliza na mengine.

Lakini aibu kando — nataka kujua. Jini gani anayesuka? Ncha ya ukili nimeifunga uzi wa kijani, nijue ukiongezwa tena.

Jumatano, 12 Machi

Nimeaga nakwenda sokoni Ngamiani. Nikazunguka msikiti, nikarudi kwa mlango wa uani, viatu mkononi.

Baba Tuhfa.

Kakaa chini chumbani na fulana, ukili kaubana kwa kidole gumba cha mguu. Vidole vinakwenda hata haviangalii. Kopo la chakula lipo wazi pembeni, wali wangu kaufikisha nusu. Saa nne asubuhi! Mwanamume mzima, na ukili! Miaka ishirini na mbili tumelala kitanda kimoja, sikujua kama anajua kusuka. Kalelewa na bibi yake Kigombe, hilo najua. Bibi mwenyewe msusi, na hakuwa na mjukuu wa kike. Mbona sikuwahi kuuliza?

Nikasimama nikamtazama. Wallahi, anasuka vizuri.

Kisha nikarudi nyuma, nikaja kwa mlango wa mbele nakohoa. Kauficha uvunguni. Ati kasahau kitambulisho.

Jioni nimembana Tuhfa. Kasema: kiwanda kimewapunguza tangu Januari. Baba huamkia bandarini kutafuta kibarua, akikosa hurudi. Baba kamwapisha asiseme. Kasema mikono yake haijui kukaa bure. Kasema pia huyo baba, mama yako katangaza mtaa mzima kuwa mumewe ni msimamizi wa mashine, nitamvunja vipi?

Ni kweli nimetangaza. Nimetangaza sana.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemjazia kopo, nimeongeza samaki. Kaniuliza, leo kuna nini? Nikamwambia nenda kazini Baba Tuhfa, utachelewa.

Ukili: pima kumi na nane.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika jikoni, nasubiri maji ya chai. Bi Rahila yupo sebuleni tangu adhuhuri. Tuhfa kaamkia shikamoo, kaletewa miyaa, majani ya kusukia, kaanza. Mie nikasema ati ana homa ya vidole! Bi Rahila kacheka, kisha kaacha kucheka. Kaweka ule wa Tuhfa juu ya ule mzuri. Akasema taratibu, Mama Tuhfa, mie sikuja kununua mkeka, nimekuja kuchukua mtoto. Niambie ukweli tu, huu mkono wa nani?

Nikafungua kinywa. Ndipo Baba Tuhfa akaingia na kopo lake, katoka “kazini”. Kautazama ukili. Kamtazama binti yake. Kanitazama mie — akajua kwamba najua.

Nikasema nakwenda kutazama chai. Mie! Mwenye maneno yote!

Namsikia Baba Tuhfa anavua viatu. Namsikia: Sogea, mwanangu, usilivute jani hivyo, linakatika. Kisha anamwambia Bi Rahila, shemeji, mie sina kazi mwezi wa tatu sasa.

Maji yamechemka, yanamwagika motoni. Sikio langu lipo mlangoni kabisa — Bi Rahila anasema, nipe na mie jani, shemeji, nilikuja kujifunza.