Viatu vya Bénie

Odette binti yangu,

Mboga ya pondu iko kwenye sufuria, uipashe moto. Nimetangulia misa ya kwanza.

~~Mutoto wako Bénie asiende.~~ Aende. Leo watoto wa makanisa yetu matatu wanafundishwa kwa Wakimbanguisti, na kule hawaingie na viatu, najua. Asubuhi ulinicheka juu nilificha viatu vyake. Viko chini ya kitanda changu. Lakini asiviache mulangoni, avishike mukononi! Wakimuuliza, aseme bibi yake njo amekataza.

Mwaka ule wa vita tulikuwa tunasali palepale, wewe mugongoni mwangu. Masasi ikaanza kulia, tukakimbia miguu mitupu. Marehemu dada yako Mbelu aliniachia mukono, akarudi kuchukua viatu vyake.

Mimi, mama yako