Debe la Maji kwa Wakwe

Jumapili, 4 Machi 1979
Mwanangu Wahome alituletea msichana baada ya ibada. Anaitwa Ngendo, anafundisha nasari huko Kieni. Mpole, ana heshima, aliosha vyombo bila kuambiwa. Lakini alipocheka — meno ya mbele yote rangi ya chai kavu! Akafunika mdomo na mkono. Nikawaza wajukuu wangu. Sisi watu wa Wamagana meno yetu ni meupe. Nimemwambia Wahome mbuzi wa mahari wasipelekwe kwao kwanza, naomba Mungu anionyeshe. Hakumaliza chakula.

Jumanne, 6 Machi
Gego langu limeanza tena. Ngendo alipita kutuletea viazi vya kwao, tukakaa nje na miwa. Yeye anamenya kwa meno, kra, kra, kama panya shambani. Mimi nakata vipande vya mtoto na kisu. Mzee wangu Hezekiah akasema, Mama Wahome, hayo yako meupe ni ya kupigia picha. Nilinuna. Halafu nikacheka, na gego likaniadhibu.

Alhamisi, 8 Machi
Gego limeng'olewa, Nyeri mjini. Nusu ya uso bado imelala. Kwa kuwa nilikuwa pale, nikamwuliza daktari habari ya meno ya Kieni, kama ni ya ukoo. Ati hapana, ni maji. Maji ya visima vyao virefu yana floraidi nyingi, ni kama chumvi ya ardhini. Mtoto akiyanywa wakati meno bado yanajitengeneza ndani ya ufizi, yanatoka na madoa. Na kidogo yake ni nzuri, inazuia jino kutoboka. Maji ya mto wetu karibu hayana. Akasema, "Mama, kwao imezidi, kwenu imepungua. Wewe na sukari yako mnunue dawa ya meno iliyo nayo."
Kumbe nilikuwa naringa na mashimo.

Jumapili, 11 Machi
Nimemwambia Wahome mbuzi waende. Alininyanyua juu, mwanamke mzima, mbele ya kuku.
Ngendo nikamweleza maneno ya daktari. Ati mama yake alikuwa akimsugua meno na majivu mpaka damu, akijilaumu kwamba alimlea vibaya. Na mama huyo yuko na kitinda mimba, Kobia, miezi minane, ameanza uji. Wa maji ya kisima.

Ijumaa, 16 Machi
Nimejaza debe la maji ya mto wetu, nikalichemsha. Kesho tukipeleka mbuzi nitampa mama Ngendo ya uji wa Kobia, halafu nimweleze pole pole mambo ya kukinga maji ya mvua kwenye mabati. Hezekiah hataki kusikia. "Unapelekea watu maji kama nyumba yao imeungua?" Wahome naye ati tutaaibika, wataona tunawacheka. Labda. Nimeomba na bado sijui.

Jumamosi, 17 Machi
Asubuhi. Pikapu inapiga honi, mbuzi wamefungwa nyuma, wanalia. Nimevaa kitambaa cha kanisa. Debe liko mlangoni na hakuna anayeligusa. Nimesema nitalipakata mwenyewe.
Hezekiah amerudi kutoka kwa gari. Hanitazami. Anauliza kama lile debe lingine, la jikoni, linavuja, au tulijaze nalo.