Ibara Iliyohamishwa

2 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hapa hatujambo, isipokuwa figo zangu, zilizostaafu kabla yangu. Hospitali imefunga mashine mbili za kusafisha damu, na zamu zangu tatu za wiki zimebaki moja. Miguu imevimba, cherehani sikanyagi. Wakili anasema katiba inatupa haki ya matibabu, tushtaki. Mimi naona haraka haraka haina baraka, tungoje hiyo katiba mpya mnayoichapa, huenda ina makali zaidi. Wewe msahihishaji unaionaje?

Baba yako

6 Machi

Baba,

Shikamoo. Usingoje. Hapa kiwanda cha chapa tuliapishwa tusitoe neno nje, lakini wewe ni baba yangu. Ibara ya afya haimo tena kwenye sura ya haki. Wameihamishia sura ya malengo ya taifa, na chini yake pameandikwa: "Malengo haya hayatadaiwa mahakamani." Itaanza kutumika tarehe ishirini. Fungua kesi kabla ya hapo. Barua hii ichome. Naogopa sana, baba.

Binti yako

15 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Mimi napumua kwa shida, lakini jana tulifungua kesi. Karani alitaka turudi mwezi ujao, akauliza haraka ya nini. Unatujua mafundi, mteja akibisha tunatoa daftari la vipimo. Nikamtolea barua yako. Akaisoma mara mbili, akapiga muhuri. Barua akabaki nayo, eti ataitunza kwenye jalada.

Najua ulisema niichome. Nilishindwa, ni mwandiko wako.

Baba yako

27 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Nijibu hilo tu. Jaji ameamuru, mashine zote zinafanya kazi, na viatu vyangu vinaingia. Lakini kwako kimya. Nilipiga simu kiwandani. Aliyepokea akauliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema nimekosea namba. Nilikukana, mwanangu, kwa woga.

Barua hii anakuletea shangazi yako, siiamini posta. Ukiona herufi zimelala kama zako, usishangae. Siku tatu najifunza mwandiko wako kwenye barua zako za zamani. Kesho nakwenda kuwaambia wakuu wako kwamba ile barua niliitunga mwenyewe, kumtisha karani.

Ukiisoma hii, ichome. Wewe ni msikivu kuliko mimi.

Baba yako